Anti, niende mkutano wa Arusha kwa hela ya kikoba cha mama au niache tu?

Shikamoo anti. Naomba jina langu usiliweke wala chuo ninachosoma.

Mi ni binti wa miaka 23, niko chuo mwaka wa mwisho nasomea mambo ya wanyamapori, kwetu tuko watatu na mimi ndo wa kwanza. Baba alishatangulia. Mama ana genge la mbogamboga na asubuhi anauza maandazi, hivyo ndo tumesoma wote.

Likizo ndefu iliyopita nilifanya fild yangu Mikumi, kwenye ile barabara kuu ya kwenda Iringa mpaka Zambia inayokatiza katikati ya hifadhi kama kilomita 50 hivi. Tulikua tunapita na gari mdogomdogo asubuhi na jioni tunahesabu wanyama waliogongwa. Watu wakisikia kugongwa wanawaza twiga na nyati kwa sababu ya kile kibao cha faini za kugonga wanyama, lakini sisi tulichokua tunakuta zaidi ni vitu vidogo, ndege, nyoka, sungura, nguchiro, bundi, vitu ambavyo hakuna mtu anasimamisha gari kwa ajili yake. Supavaiza wangu aliipenda sana akaniambia tuma abstrakti, yaani muhtasari wa utafiti, kwenye mkutano wa kisayansi wa TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ule unaofanyika Arusha kila baada ya miaka miwili. Nikatuma nikijua siwezi kupata. Anti, wamekubali! Ila wamenipa bango, yaani utafiti wangu unachapishwa kwenye bango nasimama pembeni yake, sio kuongea mbele ya ukumbi. Nilifurahi, halafu nikawaza sana, manake wenzangu wanasema bango ndo wanapewa waliokosa nafasi.

Sa tatizo linaanzia hapa. Chuo kinanilipia ada ya usajili tu. Nauli, pa kulala, chakula na kuchapisha bango ni juu yangu. Bumu lilishaisha, lingine halijulikani linatoka lini. Nilipomwambia mama hata hakuuliza maswali, akasema atachukua mkopo wa laki tatu na nusu kwenye kikoba chao. Nilitaka kulia. Hiyo hela najua alikua amepanga kuichukua Januari kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume aanze VETA, na kikoba hakikupi mkopo wa pili kabla hujamaliza wa kwanza. Baba mdogo kasikia kapiga simu, anasema hiyo ni safari ya kwenda kupiga picha na kunywa chai na wazungu, mdogo wangu ndo atakaa nyumbani. Mama kasema nisimsikilize.

Kinachoniuma ni kwamba naogopa baba mdogo anaweza kuwa sahihi. Kuna rafiki yangu alienda mkutano wa namna hiyo, sio huo, mwingine, alirudi na begi la kitambaa, kalamu na picha za status, nikamuuliza umepata nini akasema alikaa nyuma siku zote hakuongea na mtu kwa sababu wote walikua wanajuana. Mimi ndo mpole kuliko yeye. Kingereza naandika vizuri ila nikisimama mbele ya watu maneno yanakimbia. Naona kabisa nimesimama pembeni ya bango langu kama mlinzi, maprofesa wanapita na vikombe vyao, narudi nyumbani mama anadaiwa.

Supavaiza anasema nafasi kama hii isipotumika haitarudi, manake mpaka mkutano mwingine nitakua nimeshamaliza chuo. Kuna baba mkubwa anakaa Tengeru, naweza kulala kwake ila ni mbali kidogo na mjini na mama hawaelewani sana tangu msiba. Au nichange na wenzangu wawili tuchukue chumba kimoja gesti.

Na jambo lingine dogo tu, kuna kaka mmoja mkubwa kidogo, ana familia, anafanya kazi kwenye taasisi moja ya uhifadhi, nilimfahamu nikiwa fild. Amesikia nina bango akaniambia nisihangaike na pa kulala, atanilipia chumba kwenye hoteli anayofikia yeye, na huko tutaongelea mambo ya intanshipu kwa utulivu. Sijamjibu. Hajawahi kunikosea heshima. Ila sijamwambia mama.

Nifanye nini anti? Na nikienda, nifanyeje hiyo hela isipotee bure?

Binti wa Mikumi

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Naanza na hongera kwa sababu kwenye barua yako yote hakuna sehemu uliyojipa mwenyewe, kila ukiigusa furaha unaiwekea "ila" mbele yake. Kazi uliyoifanya juani Mikumi imesomwa na watu wasiokujua, wasiojua mama yako anauza nini, wakasema huyu aje. Hilo tayari limetokea na halina deni.

Nikikusoma naona umefunga mambo matatu kwenye furushi moja ndo maana linakuelemea. La kwanza ni hela ya mama na zamu ya mdogo wako. La pili ni woga kwamba hata ukifika hautajua kuutumia mkutano. La tatu umeliita dogo ukaliweka mwishoni kabisa, chumba cha yule kaka. Tuyafungue moja moja, na sitakwambia nenda au usiende, hilo utaamua wewe na mama yako kwa sababu nyie ndo mtalipa.

Kwenye hela naomba nikuulize kitu. Unasema mama hakuuliza maswali, na we pia inaelekea hukumuuliza. Je ana mpango gani na Januari? Inawezekana ana njia ambayo hajakwambia, labda anategemea mgao wa kikoba wa mwisho wa mwaka, labda VETA anaweza kulipa kwa awamu. Inawezekana pia hana mpango wowote, amekubali kwa sababu wewe ni wa kwanza na ametamani kwa miaka mingi siku kama hii, akasema ndio kwa moyo halafu hesabu itafuata baadaye. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa, na kwa barua yako siwezi kujua ni ipi. Kaa naye jioni moja genge likishafungwa, chukueni karatasi, andikeni anadaiwa nini, atarejesha shilingi ngapi kila wiki, na mdogo wako asipoanza Januari ataanza lini. Na mdogo wako mwenyewe awepo, ni kijana mkubwa anayekwenda kujifunza ufundi, inauma zaidi kupangiwa kuliko kuombwa. Baba mdogo wako amesema kwa ukali lakini swali lake ni halali, nani anasubiri ili nani aende. Usilikimbie eti kwa sababu limetoka kwa mtu anayekukera.

Halafu hiyo laki tatu na nusu, umeipata wapi? Kama ni mama ameitaja tu kwa sababu ndo kiwango anachokopesheka, basi hatujui bado safari inagharimu kiasi gani. Piga hesabu yako wewe: nauli ya kwenda na kurudi, bango, pa kulala, hiace za kila siku, chakula cha jioni, manake kwenye mikutano ya namna hii chai na chakula cha mchana mara nyingi viko ndani ya ada, waulize waandaaji. Waulize na hili pia bila aibu, kama kuna msaada wa nauli kwa wanafunzi, au kama wanahitaji wanafunzi wa kuandika kumbukumbu za vikao au kusaidia mapokezi. Waandaaji wengi wanahitaji mikono na watakaotangulia kuuliza ndo wanaopata. Supavaiza wako naye anaweza kukuandikia barua, au pengine kuna gari la idara linakwenda na lina siti, mtu hawezi kukupa siti kama hajui huna. Unaweza kukuta laki tatu na nusu imeshuka mpaka laki moja na kitu, na hapo mazungumzo na mama yanakua mengine kabisa. Ila na hili lina hatari yake: ukibana sana ukafika umechoka, una njaa, huna hata ya bodaboda usiku, utakua umeokoa hela ukapoteza mkutano. Na kama mkutano utaangukia Desemba, kata tiketi mapema, unajua mwenyewe mabasi ya kupanda kaskazini mwezi huo yanavyojaa watu wa Moshi na Rombo wanaorudi nyumbani kwa Krismasi.

Sa nije kwa huyo kaka. Simfahamu na siwezi kumhukumu mtu kwa ujumbe mmoja, huenda ana nia njema kabisa, wapo watu wakubwa waliosaidiwa zamani na wao wanapenda kusaidia. Lakini wewe mwenyewe hujamjibu na hujamwambia mama. Mtu huwa hafichi jambo ambalo moyo wake umetulia nalo. Angalia alivyolipanga: chumba, hoteli yake, na intanshipu, vyote kwenye sentensi moja. Intanshipu ni nafasi ya ofisi, inaongelewa mchana, kwenye kiti, watu wakiwepo, na barua ya maombi inapita chuoni. Ikishaunganishwa na kitanda mtu analipia yeye, hata kama hatafanya lolote baya, wewe utakaa siku zote ukijiuliza unadaiwa nini, na watu wa fani yako ni wachache, wanajuana, wataona mnashuka ngazi moja asubuhi.

Kuna njia ya kumjibu bila kumtukana wala kufunga mlango. Mwandikie kwa adabu, "Ahsante sana kaka kwa kunijali, malazi nimeshapata kwa ndugu. Nitafurahi sana ukipita kwenye bango langu wakati wa chai na ukinielekeza utaratibu wa kuomba intanshipu ofisini kwenu." Halafu tazama anajibu nini. Akisema sawa nitapita, umempata mtu wa kweli na hujapoteza kitu. Akinuna, au intanshipu ikapotea ghafla, basi umejua mapema ilikua inauzwa kwa bei gani. Na ikifika mahali mtu mwenye madaraka anakuwekea mwili wako kama sharti la nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono, iko kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Sisemi huyu kaka yuko huko, nakupa tu ujue ardhi unayosimama. Chochote utakachoamua, mwambie mama yako au hata supavaiza kama ni mtu unayemwamini.

Pa kulala sasa. Tengeru sio mbali kihivyo, hiace za Usa River zinapita hapo zinaingia mjini, tatizo ni usiku, manake mikutano huwa na hafla ya jioni na hapo ndipo watu wanalegea wanaongea. Ukilala Tengeru utalazimika kuondoka mapema, au kupanga na wenzako kurudi pamoja. Gesti mkichanga watatu mtakua karibu, mtasindikizana, ila nendeni mkaulizie kwanza kwa mtu anayekaa Arusha, msichague kwa bei tu. Na habari ya mama na baba mkubwa wako kutoelewana tangu msiba, hilo ni la kwao, lakini ukienda kulala kwake bila mama kuridhia utakua umelibeba wewe. Muulize kwanza. Huenda hata ikawa sababu ya wao kupigiana simu, huenda ikachokonoa kidonda, yeye ndo anajua.

Tuje kwenye woga wako, na hapa nataka kukaa kidogo manake ndipo palipokuuma zaidi.

Umesema bango wanapewa waliokosa nafasi. Nani kakwambia? Ni wenzako, sio waandaaji. Fikiria inavyokua: anayeongea ukumbini anapewa dakika chache, robo saa labda, maswali mawili matatu, kengele inalia, anakuja mwingine. Watu wanamsikiliza na wengine wanasoma simu. Mwenye bango anakaa na mtu mmoja anayetaka kujua, ana kwa ana, kikombe mkononi, na huyo mtu kasimama kwa hiari yake. Kwa binti mpole ambaye maneno yanamkimbia mbele ya umati, mi sioni kama umepewa kidogo. Naona umepewa kinachokufaa. Unaweza kutokubaliana na mimi.

Umewaza pia kwamba faida ya mkutano ni kuongea na maprofesa. Wapo watakaokuwepo, na wapo wazuri sana, lakini hao ndo kila mtu anawakimbilia na ndo wenye dakika chache zaidi. Rafiki yako alikaa nyuma akisubiri wakubwa wamwone. Je aliyekaa naye kiti cha pembeni alikua nani? Mwanafunzi wa masters aliyekutangulia mwaka mmoja anajua nani anatafuta msaidizi wa fild mwezi wa tatu. Mwikolojia wa hifadhi anajua data gani ziko ofisini zimekaa kwenye makabrasha hakuna aliyewahi kuzifungua. Askari wa wanyamapori anayepita hiyo barabara kila usiku anajua ni kona gani wanyama wanavuka. Na hao unaongea nao Kiswahili, mwanangu, wakati wa chai hakuna anayekukataza.

Mi naamini kinachomfanya mtu arudi na kitu ni kwenda na swali lake mwenyewe, swali la kweli linalomnyima usingizi. Na wewe unalo, sijui kama umeliona. Umesema mlipita asubuhi na jioni mkahesabu. Wale waliogongwa saa tano usiku, fisi na mbweha wakapita kabla hamjaja, mliwahesabu? Bundi mdogo anakaa dakika ngapi barabarani kabla hajachukuliwa? Maana yake idadi yako ni ndogo kuliko ukweli, na mtu yeyote makini atakuuliza hilo. Usiliogope, libebe wewe kwanza. Andika chini ya bango kabisa, "swali tunalojiuliza ni mizoga midogo inadumu muda gani barabarani," halafu kila anayesimama muulize yeye angefanyaje. Watu wanaofuatilia tai na fisi wanajua mizoga inavyopotea, watafute hao hata kama mada yao haina neno barabara. Watu kutoka Kenya wakiwepo, waulize kuhusu ile njia ya chini ya tembo upande wa Mlima Kenya, kule barabara ya Nanyuki kwenda Meru, tembo wanapita chini magari yanapita juu. Na usidhani mada yako ni ndogo kwa Arusha, ni mji huohuo ambapo mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia serikali kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Barabara na wanyama ni kesi nzito pale. Wewe unawaletea barabara ambayo ipo tayari, ina lami, ina malori ya Tunduma usiku na mchana, na wanyama ambao hawamo kwenye hesabu.

Ukiamua kwenda, kazi inaanza sasa hivi, sio siku ya kupanda basi. Ratiba na kitabu cha abstrakti kikitoka kisome chote japo juujuu, weka alama kwa watu wachache unaotaka kuwasikia, sita au saba wanatosha, usijaribu kuingia kila kikao utachanganyikiwa na mchana wa siku ya pili utakua unasinzia. Waandikie wawili watatu imeili fupi kabla: mimi ni nani, nimesoma abstrakti yako, nitakua na bango kuhusu hiki, nikuulize swali moja wakati wa chai. Wengine hawatajibu na hilo halina maana yoyote juu yako, watu wana imeili nyingi. Atakayejibu, mmoja tu, ukifika kuna mtu anakujua jina.

Bango lenyewe, soma maelekezo ya waandaaji neno kwa neno, kama ni la kusimama au la kulala, ukubwa unaotumika sana ni A0, yaani sentimita 84 kwa 119. Nimeona mabango ya wanafunzi yamejaa maandishi kama ukurasa wa disetesheni, mtu anaangalia mara moja anaendelea na safari. Weka ramani ya zile kilomita 50 na vidoti vya mlipookota mizoga, weka grafu moja, picha moja ya mnyama mdogo ambayo haitoi kichefuchefu kwa mtu anayekula sambusa, na kichwa cha habari kinachosomeka kutoka mbali. Chapisha kwenye lile turubai la mabango ya barabarani, ni bei nafuu, halichaniki kwenye buti la basi, na unalikunja kama mkeka. Nakala iwe kwenye flashi na kwenye imeili yako, na supavaiza aipitie kabla haijachapishwa, jina la mtu likikosewa kwenye turubai halifutiki.

Habari ya Kingereza. Huhitaji Kingereza chote, unahitaji dakika mbili zake. Andika maneno utakayosema mtu akisimama, nilifanya nini, nilikuta nini, kwa nini ni muhimu, ninajiuliza nini. Yaseme mbele ya rumeti wako asiyesoma wanyamapori mpaka aelewe yeye, kwa Kiswahili kwanza halafu kwa Kingereza, mpaka hata ukiamshwa usiku unayasema. Swali usiloelewa, omba arudie taratibu. Usilolijua, sema hilo sijalipima, wewe ungelipimaje? Hao ni watafiti, wanapenda sana kuulizwa hivyo. Na wakati wa chai wewe kaa kwenye bango, chai yako kunywa mapema au baadaye, manake wengi wanaacha bango limesimama peke yake saa ambayo watu wako huru.

Kila ukimaliza kuongea na mtu, kabla hujasahau, andika kwenye daftari jina lake, anatoka wapi, alisema nini, na wewe ulimuahidi nini. Wiki ileile ukirudi mwandikie, mkumbushe mlichoongea, mtumie ulichoahidi. Watu wengi wanabadilishana namba na hakuna anayeandika, mwezi ukiisha jina lipo kwenye simu hukumbuki ni nani. Ukiandika wewe unakua mmoja wa wachache. Hapo ndipo intanshipu nyingi zinapoanzia, miezi mingi baadaye, mtu anatafuta kijana anakumbuka yule binti wa sungura waliogongwa. Siwezi kukuahidi kwamba itatokea. Inawezekana ukafanya yote haya vizuri na usipate kitu cha kushika mkononi mwaka huo, na mama arejeshe kikoba kwa maandazi. Hiyo hatari ipo, na ndo sababu nataka aijue kabla hajasaini, sio baada.

Na kama mkikaa na karatasi yenu mkaona mwaka huu haiwezekani? Supavaiza amesema nafasi haitarudi. Namwelewa, anakutakia mema, lakini tulipime. Mkutano unarudi baada ya miaka miwili, na hauji kwa wanafunzi peke yao, unaweza kuja ukiwa umeajiriwa, au unasoma masters, au unajitolea mahali, ukiwa na data za misimu miwili badala ya mmoja. Kinachoweza kupotea ni ada ya mwanafunzi, ambayo mara nyingi ni ndogo, na upya wa kazi yako, na huu msukumo ulionao sasa, ambao sio kitu kidogo, wapo wengi waliosema mwakani na hawakurudi tena kwenye utafiti. Ukibaki, waandikie waandaaji mapema kuwaambia, usinyamaze tu. Uliza kama mwandishi mwenzako anaweza kulisimamisha bango kwa niaba yako, supavaiza kama anakwenda, jina lako likiwa la kwanza, na umpe lile swali lako aulize yeye halafu akuletee majibu na majina. Wale sita saba uliowawekea alama bado unaweza kuwaandikia, imeili haina nauli. Na matokeo yapeleke Mikumi kwenyewe, ofisi ya ikolojia ya hifadhi, hao ndo wenye barabara, na kwa kuwa fild ulifanyia hapohapo sidhani kama hawatakukumbuka.

Niandikie mkishaongea na mama, na uniambie huyo kaka alijibu nini.

Anti